Shajara ya mradi: kerneli moja, chipu tatu, na ahadi za tabaka la maunzi

Januari

Mradi umeanza rasmi. Kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi wa muda halisi unaoamua kazi ipi iendeshwe lini, ni ndogo na nimekusudia ibaki ndogo: kazi zenye vipaumbele 32, kufuli, foleni za ujumbe na kengele za muda, basi. Haina mfumo wa faili wala mtandao, na haigawi kumbukumbu wakati programu inaendelea. Kila kazi hutangazwa wakati wa kujenga, na ukubwa wa staki yake, eneo la kumbukumbu inalofanyia kazi, hujulikana kabla chipu haijapata umeme. Chini ya kerneli lipo tabaka la maunzi, na ni hilo pekee linaloruhusiwa kujua pini fulani huwashwa kwa rejista ipi, yaani kisanduku kipi cha biti ndani ya chipu.

Nimechagua chipu tatu kwa makusudi, kwa kuwa hazifanani. Ya kwanza ni STM32F407, yenye Cortex-M4, kiini cha kampuni ya Arm, inayofika 168 MHz. Ya pili ni RP2040, yenye viini viwili vya Cortex-M0+. Ya tatu ni FE310 ya SiFive, ambayo ni RISC-V (seti ya maagizo iliyo wazi, tofauti na ya Arm) ya biti 32 na RAM ya data ya kilobaiti 16 tu. Mtu akichukua chipu tatu za ukoo mmoja, atakachopata mwishoni ni majina mapya ya rejista zile zile, halafu ataliita tabaka la maunzi. Mimi nataka msomaji wa faili la matamko aone ahadi: funksheni hii inaruhusiwa kuitwa na nani, inagusa nini, haigusi nini, na ikirudi mambo yatakuwa katika hali gani. Jina la funksheni peke yake halimsaidii anayeandika kerneli.

Sheria moja imewekwa tangu siku ya kwanza: ndani ya saraka ya kerneli hakuna jina la chipu yoyote, hata kwenye maelezo ya pembeni. Hati ndogo hukagua kila badiliko, na ikiliona jina hilo ujenzi unakataliwa.

Februari

Kuamka kwa chipu. Cortex-M ni ya upole hapa: neno la kwanza la jedwali la vekta, orodha ya anwani ambayo prosesa huisoma ikiamka, ni kilele cha staki, la pili ni anwani ya kuanzia, na biti ya mwisho ya anwani hiyo lazima iwe 1 kwa sababu viini hivi vinaelewa maagizo ya Thumb (seti fupi ya Arm) pekee. Prosesa huweka staki yenyewe, kwa hiyo msimbo wa kuanzia unaweza kuandikwa wote kwa C. RISC-V haikupi hisani hiyo. Mistari michache ya asembli lazima itangulie kuweka `sp` na `gp`, vielekezi vya staki na vya data za pamoja. RP2040 nayo ina lake: ROM yake husoma baiti 256 za mwanzo wa flashi, hukagua jumla ya CRC (hesabu ya kugundua makosa) mwishoni mwake, kisha ndipo huruka kwenye kipande hicho kidogo, ambacho kazi yake ni kuandaa flashi isomwe moja kwa moja.

Njia tatu, kwa hiyo tabaka haliahidi njia. Linaahidi hali ya mlangoni: kerneli ikipokea udhibiti, makatizo (ishara zinazoisimamisha prosesa ili ishughulikie tukio) yamefungwa, data zenye thamani za mwanzo zimekwisha nakiliwa kwenye RAM, eneo la vigeu vya sifuri limefutwa, saa kuu imetulia, na staki imepangwa kwa baiti 16. Arm inatosheka na 8, RISC-V inataka 16. Nimechukua kubwa ili kerneli isiulize.

Kiini cha pili cha RP2040 nimekiacha kilale ndani ya ROM, kinakobaki hadi kiitwe. Kerneli hii ni ya kiini kimoja. Ahadi zake nyingi zinasimama juu ya ukweli kwamba kufunga makatizo kunatosha kumzuia kila mtu, na kwenye viini viwili ukweli huo haupo.

Machi

Mwezi wa kubadilisha kazi. Hapa ndipo mradi ulipoanza kunifurahisha.

Kwenye Cortex-M, katizo likiingia prosesa yenyewe husukuma rejista nane kwenye staki: R0 hadi R3, R12, LR, PC na xPSR, jumla baiti 32. Zilizobaki, R4 hadi R11, ni juu yetu. Mbinu inayojulikana ni kutumia PendSV, katizo linaloombwa na programu yenyewe: unaipa kipaumbele cha chini kuliko yote, na yeyote anayetaka kazi ibadilishwe anainua biti yake tu. Makatizo mengine yakimalizika, PendSV inaingia, inahifadhi rejista nane zilizobaki, inabadilisha PSP, kielekezi cha staki ya kazi, na kutoka. Ni safi mno.

M4 inaongeza jambo la namba za desimali. Kazi ikigusa FPU, kitengo cha kukokotoa desimali, fremu ya katizo (rejista zinazosukumwa kwenye staki) inakua kutoka maneno 8 hadi 26, yaani baiti 104, na rejista za FPU S16 hadi S31 zinabaki kuhifadhiwa na sisi. Biti ya 4 ya EXC_RETURN, thamani inayotumika kutoka kwenye katizo, ndiyo inayosema fremu ni ya aina gani, na msimbo wa PendSV huiangalia kabla ya kuamua. Nimependa kwamba kazi isiyogusa desimali hailipi gharama hii. Lakini ukubwa wa staki lazima uhesabiwe kwa fremu kubwa, maana kompaila inaweza kutumia rejista za FPU mahali ambapo mwandishi hakuandika desimali hata moja.

RISC-V haisukumi chochote. Katizo likiingia, `mepc` inapata anwani ya kurudi, `mcause` inapata sababu, makatizo yanafungwa, na prosesa inaruka kwenye anwani iliyo ndani ya `mtvec`. Yaliyobaki ni yetu. Nimegawanya kazi hiyo mara mbili: mlangoni tunahifadhi `ra`, `t0` hadi `t6` na `a0` hadi `a7`, rejista 16, pamoja na `mepc` na `mstatus`, kisha ikiwa tu kazi inabadilishwa kweli ndipo tunahifadhi `s0` hadi `s11`. Katizo la kawaida linaloingia na kutoka halibebeshwi mzigo wa zile 12.

Swali lilikuwa PendSV ya RISC-V ni ipi. Lipo katizo la programu, `msip`, na kwa jina linafanana. Kwa tabia halifanani: mpangilio wa kawaida wa RISC-V unaliweka juu ya katizo la taima, si chini ya yote. Kuliiga PendSV kwa `msip` kungekuwa kuiga sura na kuacha roho. Kwa hiyo kwenye FE310 uamuzi unafanyika kwenye mlango wa kutokea: kabla ya `mret`, agizo la kutoka kwenye katizo, tunaangalia kama kuna ombi, na kama lipo tunatoka kwa staki ya kazi nyingine. `msip` inatumika pale tu kazi yenyewe, nje ya katizo, inapoomba kuachia nafasi.

Ahadi iliyoandikwa kwenye faili la matamko haitaji PendSV wala `msip`. Inasema: baada ya `hal_omba_badili()`, badiliko litatokea kabla ya agizo lolote jingine la kazi kutekelezwa mara makatizo yatakapokuwa wazi, na kamwe halitatokea katikati ya msimbo wa katizo. Kwenye Arm inabidi tuweke `dsb` na `isb`, maagizo ya kusubiri mwandiko ukamilike, baada ya kuinua biti ili kauli hiyo iwe kweli neno kwa neno, na zimewekwa.

Aprili

Pini. Fupi, lakini ni mfano mzuri wa ninachokitafuta.

Ahadi: ukibadilisha pini moja, jirani zake kwenye rejista ile ile hawaguswi, hata kama katizo litaingia katikati na kubadilisha mojawapo. Kusoma rejista, kubadilisha biti na kuandika tena hakutimizi hilo. STM32 ina BSRR, ambayo nusu yake ya chini huwasha na ya juu huzima kwa mwandiko mmoja. RP2040 ina rejista tofauti za kuwasha, kuzima na kugeuza. FE310 haina rejista za namna hiyo, ila ina maagizo ya atomiki (yasiyoweza kukatizwa katikati), na `amoor.w` au `amoand.w` moja kwa moja kwenye rejista ya pini inamaliza kazi. Njia tatu tofauti kabisa, sentensi moja ya ahadi, na hakuna hata moja inayofunga makatizo.

Mei

Muda umechukua mwezi mzima, na umestahili.

Toleo la kwanza la tabaka liliahidi katizo kila milisekunde 1. Ndiyo desturi ya kerneli nyingi ndogo, na kwenye M4 ni rahisi kwa SysTick, taima iliyo ndani ya kiini chenyewe. Ahadi hiyo ilipofika FE310 ikakwama. Kihesabio `mtime` cha chipu hiyo kinaendeshwa na saa ya 32,768 Hz. Milisekunde moja ni mapigo 32.768, na hakuna sehemu ya pigo. Ukihesabu 33, kila “milisekunde” yako ina urefu wa 1.00708, na saa ya kerneli inachelewa takriban sekunde 25 kwa kila saa moja. Ukichanganya 32 na 33 wastani unakuwa sahihi, lakini vipindi vinakuwa havilingani, na kazi inayosoma sensa kwa mpigo sawa itaona tofauti hiyo.

Dawa ilikuwa kubadilisha ahadi yenyewe. Kerneli haihitaji mpigo. Inahitaji kujua sasa ni saa ngapi na kuamshwa wakati fulani. Kwa hiyo mpigo umeondolewa, na mahali pake pana mambo matatu: `hal_muda_sasa()` inarudisha hesabu ya biti 64 isiyorudi nyuma, `hal_muda_kasi()` inasema hesabu hiyo inaongezeka mara ngapi kwa sekunde, na `hal_muda_amsha(t)` inaomba katizo ambalo halitakuja kabla ya `t`, na ikiwa `t` imekwisha pita, litakuja papo hapo.

Kipande cha mwisho, “papo hapo”, kinaonekana kama nyongeza ndogo. Ndicho kilichonipa kazi kubwa kuliko vyote. Kwenye FE310 kinatoka bure, kwa kuwa katizo linasimama muda wote `mtime` inapokuwa sawa na `mtimecmp`, rejista ya wakati ulioombwa, au kuizidi. Kwenye RP2040 kengele hulia pale tu biti 32 za chini za taima zinapolingana kabisa na thamani uliyoandika. Taima hiyo huhesabu mikrosekunde, hivyo ukiandika wakati uliopita kwa mikrosekunde moja tu, utasubiri mzunguko mzima: zaidi ya dakika 71. TIM2, taima ya STM32F407, nayo ina tabia hiyo ya kulinganisha. Kerneli inayofanya kazi vizuri kabisa kwenye FE310 ingeganda kwenye chipu nyingine mbili mara chache sana, bila mpangilio, pale katizo lingine linapoingia kati ya kuhesabu `t` na kuiandika. Hitilafu za namna hiyo ndizo zinazotesa watu kwa miezi.

Utekelezaji sasa huandika kengele, kisha husoma saa tena. Ikiwa `t` imeshapita, tunalazimisha katizo kwa programu: STM32 kwa rejista ya EGR, RP2040 kwa rejista ya kulazimisha makatizo ya taima. Jaribio linaloomba `t` ya zamani, `t` ya sasa hivi, na `t` ya pigo moja mbele, linaendeshwa kwa mfululizo mrefu huku makatizo ya bandia yakirushwa ovyo. Linapita kwenye chipu zote tatu.

Kusoma biti 64 kwa prosesa ya biti 32 pia kunahitaji adabu. Soma juu, soma chini, soma juu tena. Kama juu imebadilika, rudia. RP2040 ina jozi ya rejista inayoshika nusu ya juu mara unaposoma ya chini, na inavutia kuitumia, lakini katizo likisoma katikati yako linakuharibia kilichoshikwa. Tunatumia jozi ghafi na kurudia. Kwenye F407, TIM2 ina biti 32 tu, kwa hiyo nusu ya juu inahesabiwa na programu kila taima inapozunguka, na msomaji lazima aangalie kama alama ya kuzunguka imesimama huku katizo lake bado halijahudumiwa. Kuandika `mtimecmp` pia kuna utaratibu wake: nusu ya chini inajazwa moja zote kwanza, halafu ya juu, halafu ya chini yenyewe, ili katizo la uongo lisichomoze katikati.

Faida iliyofuata ni usingizi. Kwa kuwa hakuna mpigo, kazi ya kupumzika huweka kengele ya tukio linalofuata na kutekeleza `wfi`, agizo la kulala hadi katizo lije, ambalo kwa bahati nzuri lina jina hilo hilo kwenye Arm na RISC-V. SysTick isingetufikisha hapa: ina biti 24, na kwa 168 MHz inajaa kwa takriban sekunde 0.1.

Juni

Makatizo na vipaumbele vyake. M4 ina BASEPRI: kerneli inaweza kufunga makatizo ya chini ya kiwango fulani na kuyaacha ya juu yapite, mradi hayo ya juu hayagusi kitu chochote cha kerneli. Kwa anayeendesha mota au anayefuatilia umeme kwa karibu, hili ni jambo kubwa. Msimbo wake wa haraka haucheleweshwi na kerneli hata kidogo. M0+ haina BASEPRI. Ina PRIMASK, inayofunga yote au kufungua yote.

Nilipima njia mbili. Ya kwanza ni kuahidi kidogo kila mahali, ili chipu zote zilingane. Ya pili ni kuahidi kila chipu inachoweza na kusema wazi. Nimeshika ya pili. Tabaka linatangaza `HAL_KATIZO_HURU`, ambayo ni 1 kwenye F407 na 0 kwingine. Programu inayohitaji katizo huru inatamka hivyo, na ikijengwa kwa chipu isiyoweza, ujenzi unasimama na ujumbe unaoeleza sababu. Tabaka linalojifanya chipu zote ni sawa linamnyima mwenye chipu bora alichonunua, na linamficha mwenye chipu ndogo hatari iliyo mbele yake.

M0+ pia haina LDREX na STREX (maagizo ya kubadilisha kumbukumbu bila kuingiliwa), wala CLZ (agizo la kuhesabu sifuri za mwanzo wa neno). Kipangaji huhifadhi ramani ya biti 32, biti moja kwa kila kipaumbele, na CLZ humpata mkubwa kwa agizo moja. Kwenye M0+ na FE310 tunatumia jedwali dogo, baiti baada ya baiti. Muda wake una kikomo kinachojulikana, na hicho ndicho kinachotakiwa.

Julai

Kufuli, njia ya kuhakikisha kitu cha pamoja kinatumiwa na kazi moja kwa wakati. Kila anayeandika kerneli ya muda halisi analijua la Mars Pathfinder, chombo cha NASA kilichotumwa Mirihi. Chombo kilitua tarehe 4 Julai 1997, kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli ya njia ya data. Kazi ya kipaumbele cha juu inayosimamia njia hiyo ikawa inaisubiri. Na kazi za kati zikaendelea kukimbia na kumzuia wa chini asimalize. Mlinzi wa muda akaona kazi ya juu haijatimiza, akawasha upya mfumo wote. Wahandisi walilipata tatizo duniani na kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli ile (mwenye kufuli hupandishwa hadi kipaumbele cha anayeisubiri), kipengele ambacho VxWorks, mfumo endeshi wa chombo hicho, ilikuwa nacho tayari.

Urithi unatibu, lakini una mnyororo: A anamsubiri B, B anamsubiri C, na kerneli inapaswa kupandisha wote. Urefu wa mnyororo unategemea programu. Nimechagua kikomo cha kipaumbele, mbinu ya ukoo ule ule uliochambuliwa na Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990. Kila kufuli hutangazwa pamoja na kipaumbele cha juu kabisa cha kazi zitakazoitumia, na anayeichukua hupanda hapo mara moja. Kwenye kiini kimoja hakuna mnyororo wala kukwamana, na gharama ni ile ile kila wakati. Sharti lake ni kwamba mwenye kufuli asilale akiwa ameishika. Kerneli inakagua: anayejaribu kulala na kufuli mkononi anasimamishwa hapo hapo kwa kosa lenye jina lake na jina la kufuli.

Kwa kuwa kazi zote hutangazwa wakati wa kujenga, vikomo hukokotolewa na zana ya ujenzi. Mwandishi haviandiki kwa mkono.

Agosti

DMA, kifaa kinachohamisha data bila kupitia prosesa, na somo la kumbukumbu. F407 ina RAM ya kilobaiti 192, lakini 64 kati ya hizo, zinazoanzia anwani 0x10000000, zimeunganishwa na kiini peke yake. DMA haizifikii. Ni mahali pazuri mno pa kuweka staki za kazi, kwa kuwa haziingiliani na mtu mwingine kwenye njia ya data. Ila kiendeshi kikipewa bafa iliyo kwenye staki na kuikabidhi DMA, data haitafika.

Kielekezi cha kawaida hakisemi kumbukumbu yake ni ya aina gani, kwa hiyo hakitoshi. Viendeshi sasa vinapokea `hal_bafa` tu, aina ambayo haiwezi kutengenezwa kwenye staki. Inatangazwa kwa makro inayoiweka katika eneo linalofikiwa na DMA, na linka (zana inayounganisha vipande vya msimbo) inathibitisha. Pamoja nayo imekuja ahadi ya umiliki: ukiikabidhi bafa, si yako hadi kiendeshi kikurudishie kwa ujumbe kwenye foleni. Katika toleo la ukaguzi, bafa iliyokabidhiwa ina alama, na kuikabidhi mara ya pili ni kosa linaloripotiwa.

Septemba

Majaribio yamegawanyika mara mbili. Mantiki ya kerneli inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida na kwenye QEMU, kiigaji cha mashine, ambayo ina mashine ya `sifive_e` kwa upande wa RISC-V. QEMU haihesabu mizunguko kama chipu halisi, kwa hiyo ahadi zote za muda hupimwa kwenye bodi: kihesabio cha mizunguko cha DWT kwenye M4, `mcycle` kwenye FE310, na kwenye M0+, isiyo na kihesabio hicho, pini inayowashwa na kuzimwa huku osiloskopu ikitazama.

Kila ahadi kwenye faili la matamko sasa ina jaribio lenye jina lake, na ahadi isiyo na jaribio haiingizwi. Hii imefuta sentensi kadhaa zilizokuwa zinasikika vizuri lakini hakuna aliyeweza kuonyesha jinsi ya kuzipima.

Kinachofuata ni Cortex-M7. Kache yake ya data, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini, ina mistari ya baiti 32, na DMA haijui kilichomo ndani yake. `hal_bafa` italazimika kupangwa na kujazwa hadi mpaka wa mstari, na kukabidhi bafa kutamaanisha kusafisha kache, kupokea kutamaanisha kuibatilisha. Naamini ahadi ya umiliki iliyoandikwa Agosti inabeba hayo bila kubadilisha neno, kwa sababu tayari inasema lini bafa inabadilisha mikono. Bodi iko mezani, tawi la msimbo limefunguliwa, na jaribio la kwanza ni lile la kiendeshi cha UART (bandari ya mfululizo) likipokea baiti moja moja huku kazi ya jirani ikiandika kwenye bafa iliyopakana nayo.